Kujaribu kadi ya grafiki iliyotumika kwa pawa saplai ndogo: dalili, sababu na pa kuishia

Malalamiko huja kwa sura ileile. Mtu ana kadi ya grafiki ya RTX 3070 mkononi, muuzaji anasubiri jibu, pawa saplai iliyopo (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ya wati 450, na NVIDIA wenyewe, watengenezaji wa chipu yake, wanapendekeza 650. Anaichomeka kwa woga, kompyuta inazima katikati ya jaribio, na mabishano yanaanza: mbovu ni kadi au pawa saplai?

Woga wa kuiunguza kadi umetiwa chumvi. Kadi huvuta umeme kulingana na kazi inayofanya, si kulingana na namba iliyo kwenye boksi lake. RTX 3070 inayoonyesha dawati la Windows tu hutumia wati chache, mara nyingi chini ya 30. Wati 220 huzifikia pale inapobebeshwa mchezo mzito. Pawa saplai ya maana ikizidiwa hujikata yenyewe. Ya kuogopa ni ile nyepesi isiyojulikana imetoka wapi, isiyo na ulinzi ndani, ambayo ikizidiwa haijikati bali inaungua na pengine kuondoka na vingine. Ukiwa na ya namna hiyo, usijaribie kadi ya mtu. Wala ya kwako.

Upungufu wa wati una dalili zake, nazo ni chache: kompyuta kuzima ghafla, kujiwasha upya, au skrini kuwa nyeusi mzigo unapopanda. Hautii madoa ya rangi kwenye picha, hausimamishi feni moja huku nyingine ikizunguka, wala hauui tundu la HDMI. Kwa hiyo pawa saplai ndogo inatosha kabisa kuitia kadi hatiani. Kinachoishinda ni kuiachia huru.

Kabla ya kuchomeka chochote

Soma lebo ya pawa saplai, na usiidanganyikie namba kubwa ya jumla. Tafuta safu ya +12V (umeme wa volti 12), chukua ampea, zidisha kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampea 28 kwenye 12V ina wati 336 tu za maana, kwa sababu kadi na prosesa zote hula humo. Nyingine ya wati 450 yenye ampea 36 ina 432, na kwa kazi yetu hiyo ndiyo kubwa kati ya hizo mbili. Ukikuta safu mbili, 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea zake. Soma jumla ya wati iliyoandikwa kwa ajili ya zote mbili.

Sasa toa. Prosesa ya Intel iliyoandikwa wati 65 inaweza kupita 100 ikibanwa, kwa hiyo itolee 100. Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), diski na feni zitolee 50. Ile yenye 432 inabakiwa na kama 280 kwa ajili ya kadi, ile yenye 336 inabakiwa na 186. RTX 3070 itaishi kwenye ya kwanza, kwa tahadhari. Kwenye ya pili itawaka, utaikagua, lakini usiipe mzigo kamili.

Halafu plagi. Soketi ya PCIe kwenye mazabodi, ile inayoingia kadi, hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 hutoa 75, ya pini 8 hutoa 150. Kadi nyingi za GTX 1050 Ti na za GTX 1650 hazina plagi kabisa, zinajitosheleza kwa soketi, nazo ndizo rahisi kuliko zote kuzijaribu. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ijazwe yote mawili, hata kama unataka kuiwasha dakika moja tu.

Makosa matatu ya nyaya huua vifaa vizima, kwa hiyo yasomwe kabla ya mengine yote:

- Kebo za pawa saplai zinazochomoka haziazimani. Upande wa kadi unafanana kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Kebo inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikapeleka 12V mahali pa ardhi (njia ya umeme kurudi).
- Plagi ya prosesa ya pini 8 (imegawanyika 4+4) si ya kadi (6+2). Nyaya za njano na nyeusi zimekaa kinyume. Vipembe vya plastiki vimechongwa tofauti ili zisiingiliane. Ukiona unalazimisha, simama.
- Adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme ya diski) kwenda pini 6 iache. Plagi ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla, na upande wa pili kadi inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki yake ndiyo hulipa hiyo tofauti.

Kompyuta haiwaki kabisa kadi ikiwemo

Unabonyeza swichi, feni zinashtuka robo mzunguko, inasikika "tik", kimya. Au hata hiyo tik haipo.

Mara nyingi pawa saplai imejifunga baada ya kujikata awali, nayo haifunguki hadi umeme utoke kabisa. Zima swichi ya nyuma, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji imalizike, subiri dakika chache, rudisha. Ikiwaka, ujue ilikuwa inajilinda, na swali linalofuata ni ililindwa dhidi ya nini.

Ikikataa tena, toa kadi na uwashe bila hiyo. Ikikataa hata bila kadi, tatizo halikuwa kadi. Ikiwaka bila kadi na kukataa kila kadi inaporudi, kagua kebo kwanza (hasa zile za kuazima nilizozitaja juu), kisha shuku shoti kwenye kadi yenyewe. Upungufu wa wati hauji hivi. Kadi haivuti wati 220 katika nusu sekunde ya kwanza ya kuwaka, kwa hiyo mtu akikuambia "tafuta pawa saplai kubwa itawaka", usikubali haraka.

Mwenye multimita (kipima umeme) anaweza kuthibitisha kadi ikiwa nje. Weka kwenye ohmu, ncha moja kwenye kibati cha kufungia kadi, nyingine kwenye pini za 12V za tundu la umeme, yaani zile tatu za safu ya upande wa pili, si ile ya upande wa kishikizo cha plagi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna kitu kimepiga shoti ndani. Irudishe kwa mwenyewe. Usiijaribu kwa pawa saplai kubwa zaidi, maana kubwa ina nguvu zaidi ya kuunguza kilichobaki kabla haijajikata. Kubadilisha mosfeti (swichi ndogo za umeme za kadi) iliyokufa ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuchomelea kwa hewa moto, na bei ya kadi ihesabiwe kama ya kadi mbovu.

Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kwanza, na hili linachekesha hadi likupate: waya wa skrini umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Pili, plagi ya umeme ya kadi haijaingia hadi mwisho. Kadi nyingi zikikosa plagi hiyo hukimbiza feni kwa kasi ya juu bila picha. Nyingine huwasha taa nyekundu kando ya tundu, au huandika ujumbe kwenye skrini ukuambie uzime na uchomeke. Tatu, kadi haijakaa sawa kwenye soketi. Isukume hadi kishikizo cha mwisho kilie, kisha ifunge skrubu, kwa sababu kadi nzito huinama na kuinua pini upande mmoja.

Baada ya hayo badilisha waya wa skrini na tundu. Kadi iliyotumika inaweza kuwa na DisplayPort moja iliyokufa na nyingine zote nzima. Jaribu kila tundu moja moja hata kama la kwanza limefanya kazi, kwa sababu jaribio hili halihitaji wati za ziada na linafichua mengi.

Kwenye mazabodi za zamani, au kadi ya zamani kwenye mazabodi mpya, angalia mpangilio wa CSM ndani ya BIOS (programu ya msingi ya mazabodi inayoiwasha kompyuta). CSM huruhusu vifaa vya zamani, na UEFI ni mfumo mpya wa BIOS hiyo. Kadi isiyo na uwezo wa UEFI haitoi picha CSM ikiwa imezimwa.

Pini za dhahabu zenye uchafu zisafishwe kwa spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, zikauke kabla ya kurudi. Kadi nayo ina BIOS yake. Ikiwa ina swichi ndogo ya BIOS mbili ubavuni, zima kompyuta, isogeze upande wa pili, ujaribu tena. Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali, hasa RX 470, 570 na 580, mara nyingi zimewekewa BIOS iliyochezewa, na upande wa pili wa swichi huenda ukawa na ile ya kiwandani.

Kama bado ni giza, ipeleke kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuihukumu. Ikiwa giza na huko, imekufa au BIOS yake imeharibika, na mambo ya kuandika BIOS kwa kifaa cha nje mwachie anayeyajua.

Inazima au kujiwasha upya mzigo unapopanda

Hapa ndipo pawa saplai ndogo na kadi mbovu zinapofanana, na ndipo watu wengi hurudisha kadi nzima au kununua mbovu. Angalia kwa makini *namna* inavyozima.

Kompyuta yote ikikatika kama umeme wa ukutani umekwenda, feni na taa zote kwa mara moja, pawa saplai imejikata. Ikijiwasha upya yenyewe, pawa saplai bado ndiyo ya kwanza kushukiwa. Skrini ikiwa nyeusi huku sauti ya mchezo ikiendelea na feni za kadi zikivuma kwa kasi ya juu, kadi imejizima peke yake: joto, plagi legevu, au ubovu wake. Na kama ni mchezo tu uliofunga na kukurudisha kwenye dawati, sahau wati kwa sasa. Hiyo ni draiva (programu inayoiendesha kadi), kumbukumbu, au kadi iliyoongezwa kasi kupita kiasi.

Windows itaandika kosa la Kernel-Power 41 ndani ya Event Viewer, yaani daftari lake la matukio, na watu huishika kama ushahidi wa pawa saplai mbovu. Haina maana hiyo. Inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, jambo ambalo tayari unalijua.

Kwa nini izime wakati hesabu ya 280 ilionekana inatosha? Kwa sababu wati 220 ni wastani. Ndani ya vipande vidogo vya sekunde kadi huruka juu sana kuliko hapo, na ulinzi wa pawa saplai wenye haraka huona miruko hiyo kama hatari. RTX 3080 na 3090, zilizotoka 2020, zilijipatia sifa mbaya kwa jambo hili, zikazimisha hata pawa saplai zilizotosha kwa hesabu ya wastani. Ndiyo maana ATX 3.0, viwango vya pawa saplai vya 2022, vikazitaka zile zinazozidi wati 450 na zenye plagi mpya ya kadi iitwayo 12VHPWR zivumilie mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Ya zamani haikuahidi kitu kama hicho.

Jaribio linalotenganisha mambo ni kupunguza kikomo cha nguvu cha kadi. Kwa NVIDIA fungua programu ya MSI Afterburner ushushe kikomo hadi asilimia 60 au 70, au tumia amri ya *nvidia-smi -pl* ikifuatiwa na idadi ya wati, ukiwa na ruhusa ya msimamizi. Kwa kadi za AMD fanya hivyo ndani ya Adrenalin, programu yao. Baadhi ya kadi zake hukuruhusu kushuka asilimia chache tu, kwa hiyo shusha pia kasi ya juu ya chipu na ufunge mchezo kwenye fremu (picha kwa sekunde) 60 au hata 30. Kisha rudia mzigo uleule uliozima.

Ikitulia baada ya kupunguzwa na kuzima ikirudishwa, mshukiwa mkuu ni pawa saplai. Panda hatua kwa hatua, wati 20 kila mara, uone inazima wapi. Ikizima karibu na mahali hesabu yako ilipotabiri, kesi imekaribia kwisha. Ikizima mahali palepale hata ukiwa umepunguza kwa nusu, wati si tatizo. Angalia joto, plagi na kadi.

Mzigo wa jaribio uchague kwa akili. Programu ya majaribio ya Unigine Heaven au mchezo wa kawaida kwanza. FurMark, programu nyingine ya majaribio, huibana kadi kwa ukali usioonekana kwenye matumizi ya kila siku, na kuianza nayo juu ya pawa saplai ndogo ni kutafuta kuzima. Usibane prosesa na kadi pamoja. Hiyo ni kazi ya pawa saplai kubwa.

Wakati huo HWiNFO, programu ya kusoma vipimo, iwe wazi. Kipimo cha 12V kinaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Vipimo vya mazabodi hudanganya kidogo, kwa hiyo ukiona 11.2 thibitisha kwa multimita kwenye plagi ya Molex (ile ya pini nne ya vifaa vya zamani), waya wa njano na mweusi, kabla ya kulaumu. Ikithibitika kwamba inazama chini ya 11.4 mzigo unapopanda, simamisha jaribio. Pawa saplai imechoka, na kuendelea ni kuhatarisha diski na mazabodi pia.

Usiifungue pawa saplai kuangalia. Kapasita zake kubwa hushika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na zinaweza kuua. Kuna pia wanaoshauri kuunganisha pawa saplai mbili, moja ya kompyuta na moja ya kadi. Inawezekana, lakini lazima ardhi ziungane na ziwake pamoja, na sioni sababu ya kujifunzia hilo juu ya kadi ambayo bado si yako.

Madoa, mistari, miraba ya rangi

Badilisha waya na skrini kwanza, ni dakika mbili. Picha ya skrini iliyohifadhiwa nayo husaidia: ukiifungua kwenye kifaa kingine na madoa hayamo, shuku waya au skrini, yakiwamo, yametoka kwenye kadi.

Madoa yanayoonekana tangu kwenye BIOS, kabla Windows haijapakia draiva, ni ya kadi. Karibu kila mara ni chipu za kumbukumbu au maungio yake. Hapo kadi bado haijabebeshwa mzigo, kwa hiyo kisingizio cha "ni pawa saplai yako ndogo" hakina mguu wa kusimamia, hata akikitoa muuzaji mwenye heshima zake.

Yakitokea baada ya joto kupanda tu, rudisha kasi za kiwandani, safisha vumbi, soma joto la kumbukumbu ndani ya HWiNFO. Kadi zenye kumbukumbu ya GDDR6X kama RTX 3080 huonyesha joto hilo peke yake. Likifika 110 kadi hujipunguza kasi, na pedi zake za joto zinahitaji kubadilishwa. Kadi nyingi za aina hii ziliingia sokoni baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kwa hiyo pedi zilizokauka si ajabu wala si hukumu ya kifo. Jaribio la kumbukumbu la programu ya OCCT au memtest_vulkan litasema zaidi. Kosa hata moja katika kasi za kiwandani linatosha kuikataa.

Kuna "dawa" ya kuoka kadi kwenye oveni. Huiamsha kwa muda, inarudi kufa, na moshi wake si wa kuvuta. Chipu za BGA (zilizounganishwa kwa vitone vya risasi chini yake) hubadilishwa na fundi mwenye mashine yake.

Draiva inakataa, au Code 43 ndani ya Device Manager

Code 43 ni kosa la Windows linalosema kifaa kimesimamishwa kwa matatizo. Futa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kufutia draiva, ukiwa katika hali salama ya Windows, weka mpya kutoka kwa mtengenezaji, washa upya. Ikirudi, soma kadi kwa GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi. BIOS iliyochezewa huleta hili, na kadi bandia vilevile: chipu ya zamani iliyoandikwa upya ijiite GTX 1050 Ti, kwa mfano. GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika FAKE kwenye jina. Hesabu ya viini isiyolingana na modeli ni ushahidi ule ule.

Inafanya kazi lakini polepole

Kama bado umeacha kikomo cha asilimia 60, hiyo ndiyo sababu, usitafute mchawi. Vinginevyo GPU-Z ina mstari wa PerfCap unaokuambia kadi za NVIDIA zinazuiwa na nini: nguvu, joto au volti. Angalia pia upana na kizazi cha basi (njia kati ya kadi na mazabodi) huku jaribio dogo la GPU-Z likiendelea, kwa kuwa kadi ikitulia hushusha kizazi cha PCIe kwa makusudi. Ukiona x8 au x4 kwenye kadi ya x16, ihamishe soketi na usafishe pini kabla ya kuisingizia ubovu.

Kelele na harufu

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka na fremu ni koili, unaudhi, haudhuru. Feni zisizozunguka kadi ikiwa baridi ni kawaida kwa modeli nyingi, zitaanza joto likikaribia 50 au 60. Feni inayokwaruza hubadilishwa kwa urahisi, punguza bei tu. Harufu ya plastiki inayoungua, moshi, au plagi iliyobadilika rangi: zima swichi ya nyuma, chomoa, usirudie kuona kama "imepita".

Ikibaki shaka

Kadi iliyopita kila kitu kwa kikomo kidogo bado haijajaribiwa kwenye wati zake kamili, na mwambie muuzaji hivyo waziwazi. Azima kompyuta yenye pawa saplai inayotosha, rudisha kikomo asilimia 100, na uipe mchezo mzito nusu saa, joto na kasi vikiandikwa na HWiNFO. Hilo likishindikana, kubalianeni siku za kurudisha kabla ya kulipa, kwa maandishi, na mpige picha namba ya mfululizo (serial number) ya kadi pamoja.